Nyumba ya Bibi Harusi

Mama amenitumia gunia la viazi kutoka Ainabkoi, kama anavyofanya kila baada ya mavuno. Nilivimwaga kwenye sakafu ya jikoni hapa Yamumbi ili nitenge vilivyochubuka, na katikati yake mkono wangu ukagusa kitu kigumu kilichofungwa kwa kitambaa kizito cha rangi ya udongo. Nilikijua kabla ya kukifungua. Kilinukia dizeli iliyozeeka, na chini ya dizeli, labda kwa sababu nilitaka iwepo, harufu ya mafuta ya taa.

Ndani kulikuwa na kipande cha alumini kinachojaa kiganja. Kina masikio mawili yenye matundu ya bolti, shimo la mviringo katikati, na shingo fupi iliyotoka kando kama mtu anayechungulia nje. Kitambaa chenyewe kina meno ya zipu pembeni. Niliketi juu ya gunia tupu nikacheka peke yangu, viazi vikiwa vimetapakaa hadi mlangoni.

Wenzangu wa umri wangu mliokulia huku juu mtakumbuka kwamba kila mashine ya kusaga ilikuwa na sauti yake. Mtu angesimama shambani, jembe mkononi, akasema fulani ameanza kusaga, na fulani yule mwingine leo hana dizeli. Yetu ilikuwa na sauti ya mtu anayekohoa akiomba radhi. Ilikuwa injini ndogo ya dizeli yenye silinda mbili, na ili mwelewe kwa nini nyumba yetu nzima iliisikiliza kuliko redio, lazima kwanza niseme habari ya begi.

Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Begi lake la turubai lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, nami nilijifunza kulisoma kabla sijajua herufi. Likiwa limelala bapa ukutani, Baba yuko. Likiwa limevimba sakafuni, anaondoka kesho. Msumari ukiwa mtupu, hakuna cha kuuliza. Alikuja na mkate na kuondoka na begi, na katikati ya hayo mawili tulimpata kwa vipande.

Kisha akaja siku moja bila mkate, na nyuma ya lori kulikuwa na ile injini. Aliipata katika shamba kubwa lililokuwa likigawanywa. Wanaume wa jirani waliiteremsha kwa magogo, Baba akaipigapiga mgongoni kama ng'ombe aliyemnunua vizuri, akamwambia Mama, "Hii ndiyo itaniweka nyumbani." Aliijengea banda la mabati kando ya barabara, akaifunga kwenye kinu cha kusagia, na ndani ya banda akaweka pipa la maji ya kuipoza. Maji yalitoka kwenye pipa, yakapita ndani ya injini, yakarudi kwenye pipa kwa mpira. Begi likalala bapa ukutani.

Fundi wa kuiwasha alitoka mjini. Alifika asubuhi ambayo nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, akafungua kifuniko juu ya injini, akatoa kitu kidogo cha shaba chenye springi. Alikiinua tukione sote.

"Hii inaitwa thamostati. Ni kitu ya nchi za baridi," alisema. "Huku Afrika haina kazi." Akapuliza viganja vyake vipate joto, akakitupa nje ya mlango. Alikuwa amevaa makoti mawili.

Wakati wa kurudisha kifuniko alikaza bolti kwa nguvu hadi sikio moja likavunjika. Alilibandika kwa gundi, akasema itashika. Watu wazima walikuwa wakitazama ile gundi. Mimi nilikuwa nje nikitafuta kwenye nyasi.

Nilichokiokota hakikuwa na jina kwangu. Sikuwa nimesikia maneno ya fundi, au niliyasikia yakapita. Nilichoona ni mwanamke mdogo wa shaba. Alikuwa na kofia bapa kichwani, kiuno chembamba, na sketi ya springi iliyomzunguka pande zote. Nikamwita Bibi Harusi. Nilimlaza kwenye kasha la kiberiti lililokatwa upande mmoja, nikamfunika na kipande cha sufi ya kondoo, na kila jioni nilimwomba radhi kwa kuwa sina nyumba ya kumpa.

Injini iliwaka, lakini haikupata joto. Ilitoa moshi mweupe wa kukaba koo, ikanywa dizeli kama ndama anayenyonya, na ikifika katikati ya debe inachoka, unga unatoka na vipande vya mahindi ndani yake. Wanawake walikuwa na heshima. Hawakumlaumu mtu. Walianza tu kupita na madebe yao vichwani wakielekea mashine nyingine kule senta, penye maduka, wakitusalimu vizuri sana. Halafu gundi ikaachia, na maji yakarushwa juu ya unga wa mama mmoja aliyekuwa na wageni siku hiyo. Jioni ile ujumbe ulikuja kutoka kwa mwenye malori: Jumatatu lori litaondoka, akiwepo Baba au akiwepo mwingine. Mama alifagia sebule, akafagia vizuri zaidi chini ya msumari.

Kifuniko kama kile hakikuwa kikiuzwa popote. Baba aliuliza kila duka la vipuri mjini, na wenye maduka walikiangalia kile kilichovunjika jinsi mtu anavyoangalia picha ya babu wa mtu mwingine. Mwishowe aliambiwa kuna mzee huko Kiplombe anayekereza chuma, aende na kipimo.

Kipimo nilikitoa mimi. Mahali penyewe palikuwa pamebanwa na bomba, mkono wa Baba haukuingia, wangu uliingia. Alinipaka grisi kwenye kidole gumba, akaweka karatasi juu ya mdomo wa injini, nikasugua pole pole mpaka umbo likatokea: duara, na matundu mawili, moja karibu na duara na jingine mbali kidogo. Baba akachora mstari wa grisi kuonyesha upande wa pipa. Akaikunja karatasi mara moja, akaitia mfukoni mwa shati.

Banda la Mzee Wekesa lilikuwa na mashine moja, kubwa, nyeusi, inayong'aa mahali mikono ilipoishika kwa miaka. Yeye mwenyewe alitoka magharibi akiwa kijana, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na alizungumza na wateja na mashine kwa sauti ileile. Alikipindua kifuniko kilichovunjika, akatazama ndani, akamtazama Baba.

"Na mwenye nyumba yuko wapi?"

"Mwenye nyumba?"

"Thamostati. Hii ni nyumba yake. Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Fundi aliitoa, Mzee. Alisema ni ya nchi za baridi."

"Wewe unatoka wapi?"

"Ainabkoi."

Mzee Wekesa alivua miwani. "Na huyo fundi alikuwa amevaa nini?"

"Koti mbili," nilisema mimi.

Alicheka mpaka akashika mashine. Halafu alimweleza Baba taratibu, na mimi nilisikiliza kwa makini sana, nikaelewa kila neno kwa njia yangu. Huyo ni bawabu, alisema. Injini ikiwa baridi anafunga mlango, maji yanabaki ndani mpaka yapate joto. Yakishapata joto ya kutosha anafungua, yanaenda kwa pipa. Akamgeukia Baba, ambaye alikuwa amejitambulisha kwa jina langu: "Sasa wewe, Baba Chebet, umefukuza bawabu, mlango uko wazi usiku na mchana. Unajaribu kupasha pipa mzima ndiyo injini ipate joto. Pipa ya Ainabkoi hiyo, utapasha mpaka Krismasi."

"Atapatikana wapi mwingine?"

"Wa saizi hii sina. Alikuwa hivi." Mzee alichukua msumari, akachora kwenye vumbi la sakafu: kofia bapa, kiuno, sketi ya springi.

Nilishika mfuko wa sweta yangu. Kasha la kiberiti lilikuwa humo, kwa maana sikwenda popote bila yeye. Sikulitoa mara moja. Kulikuwa na mambo ya kuuliza kwanza.

"Hiyo nyumba yake itakuwa na kiti?" niliuliza.

Baba alinikazia macho, lakini Mzee alijibu kama anayejibu mteja. "Kiti iko. Lazima akae imara, asichezecheze."

"Na mlango?"

"Mlango ni yeye mwenyewe. Akisimama, umefunguka."

"Na hewa?"

"Ana katundu kadogo kwa kofia. Hewa inapita hapo."

Nilikajua hako katundu. Nilikuwa nimekapitishia uzi nikamtengenezea shela. Nyumba, kiti, mlango, hewa. Nikawaza pia habari ya begi, na nikatoa kasha, nikalifungua, nikaondoa ile sufi. "Anaitwa Bibi Harusi," nilisema.

Kisha Mzee Wekesa akafuta mikono yake yote miwili kwenye aproni kabla ya kumpokea. "Basi huyu hawezi kukaa kwa kiberiti," alisema. "Lazima apelekwe kwake."

Kwanza alimpima. Sufuria ya chai ya banda ilikuwa kwenye jiko la makaa, Mzee akaimwaga chai, akatia maji, akamtumbukiza Bibi Harusi akining'inia kwa ule uzi wa shela. Tulichungulia sote watatu. Maji yalianza kutoa mvuke, yeye hakutikisika. Viputo vidogo vikaja, bado. Nilikuwa karibu kulia nikidhani tunampika. Ndipo kofia ikaanza kuinuka, polepole, bila mtu kuigusa, kama mtu anayenyanyua kichwa kutoka kwenye mto, na chini yake pakaonekana mwanya.

"Ameamka," alisema Mzee Wekesa. "Chai yenu iko hapo chini, samahani."

Kisha akaijenga nyumba. Baba alikunjua ile karatasi, na hapo ndipo penye kisa chote, ingawa hakuna aliyekiona. Kwa kuwa ilikunjwa grisi ikiwa bichi, alama ilikuwa imejichapa upande wa pili. Kulikuwa na maumbo mawili yanayotazamana, kama kandambili, ya kushoto na ya kulia. "Gani ni gani?" aliuliza Mzee. "Ni kitu moja," alijibu Baba. Mzee akafuata lile lililokuwa safi zaidi, kwa sababu jingine, lile la asili, lilikuwa limejaa alama za kidole changu.

Alikata bonge la alumini kutoka kwenye kipande kizito cha gari lililokufa, akalibana katika mataya manne ya mashine, na juu yake akaning'iniza kopo lililotobolewa kwa msumari, lenye mafuta ya taa. Mashine ikazunguka. Tone likaanguka, kisu kikagusa, na alumini ikatoka kwa mikunjo mirefu inayometa, ikianguka miguuni petu. Ile harufu ilipanda: mafuta ya taa yanayogusa kitu cha moto, tamu kidogo, inayoingia nyuma ya pua na kukaa. Nilijaza mfuko mikunjo hiyo kwa ajili ya harusi. Mzee alitoboa shimo, akakereza kiti ndani yake, akasimamisha mashine, akamjaribu Bibi Harusi, akamtoa, akapunguza kidogo tena, unywele tu, akamjaribu. Mara ya mwisho Bibi Harusi alitua na sauti ndogo ya *tk*, akakaa kama anayejua kwao. Mwishowe Mzee aliligeuza bonge akatoboa shingo kando, upande ambao mstari wa grisi ulionyesha.

"Kwetu bibi harusi hapelekwi bila kuku," alimwambia Baba tulipoaga.

"Kuku atakuja, Mzee. Injini ikiimba."

Siku ya kuifunga ilikuwa Jumamosi. Nyanya yangu, ambaye tulimwita Kogo, alileta kigoda chake hadi mlangoni mwa banda kwa sababu nilimwambia kuna harusi. Nilivisha injini mikunjo ya alumini. Mama alikata gasketi, karatasi ya kuzuia maji yasivuje, kutoka kwenye boksi la majani ya chai. Baba akamweka Bibi Harusi kitini, akaishusha nyumba pamoja naye juu ya injini, na bolti zote mbili zikaingia bila kusukumwa, laini, mpaka Baba akapiga mluzi.

Kisha akanyoosha mkono kuuchukua mpira wa pipa, na mluzi ukakatika.

Pipa lilikuwa kulia. Shingo ya nyumba ilitazama kushoto, kwenye ukuta wa mabati, umbali wa kiganja. Baba alifungua bolti akajaribu kuizungusha, lakini tundu moja lilikuwa karibu na duara na jingine mbali, na nyumba ilikubali kukaa kwa njia moja tu. Alitoa karatasi mfukoni. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja. Nilimwona alipoelewa.

Kogo aliinua shingo yake. "Nani amejenga nyumba mlango ukaangalia ukuta?"

Baba alitoka, akavuka uwanja, akaingia ndani. Nilimfuata mbio na nikafika mlangoni akiwa ameshalishika begi. Alilitoa kwenye msumari. Mama, ambaye alikuwa amekuja nyuma yangu na mkasi wa gasketi mkononi, alisimama pale pale. Nakumbuka nilifikiri kwamba Bibi Harusi hakuipenda nyumba, na sasa sote tutalipa.

Baba alipita katikati yetu na begi kwapani. Hakuelekea barabarani. Alizunguka nyuma ya banda, akachukua patasi na nyundo, na tukasikia mabati yakilia. Alikata tundu mahali ambapo shingo ilitazama. Kisha akakata jingine chini, la mpira wa kuleta maji. Kingo za bati zilikuwa kali kama wembe, zingekula mpira kwa siku moja, na Baba alikuwa dereva, alijua mipira. Akaliweka begi juu ya jiwe, akafungua kisu, akalipasua kutoka kwenye zipu hadi chini.

"Baba Chebet," alisema Mama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sasa nguo utaweka wapi?"

"Kwa kabati," alisema Baba, bila kuinua macho. "Kama watu."

Mama aligeuka upande mwingine. Kogo alianza kucheka kwa sauti ya chini, na hakuacha hadi pipa lilipokuwa limeviringishwa nje na kusimamishwa juu ya mawe, upande wa barabara. Baba alifunga mpira kwa vipande vya turubai ulipopita kwenye bati, akajaza maji, akarudi ndani, akazungusha hendeli.

Injini ilikohoa. Ikatoa ule moshi mweupe. Mimi nilikuwa nje, viganja vyote viwili vimekumbatia mpira, kwa sababu nilijua ni hapo tu nitakapopata habari. Mpira ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ndani, sauti ya injini ilianza kubadilika, ikashuka chini, ikawa nzito, na moshi uliopita juu ya kichwa changu ukapungua hadi ukawa mtetemo tu wa hewa. Mpira bado baridi. Baba alitoa kichwa kwenye pembe ya banda, akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Akarudi. Akatoka tena.

Kisha joto likapita chini ya viganja vyangu, ghafla, kama mnyama aliyeamka.

"Amefungua," nilisema.

Kogo alipiga vigelegele. Mama alimimina mahindi kinuni, na unga ulioteremka siku ile ulikuwa laini kiasi kwamba alinipaka usoni, akampaka Baba, na Baba, ambaye hakuwa mtu wa michezo, akasimama akiwa mweupe hadi kwenye nyusi huku injini ikiimba nyuma yake. Ujumbe ulipelekwa kwa mwenye malori atafute mtu mwingine. Mzee Wekesa alipata jogoo.

Lakini kilichotulisha miaka yote baada ya hapo kilikuwa lile kosa. Pipa la maji ya moto sasa lilisimama nje, kando ya barabara, mahali penye baridi kama Ainabkoi. Wanawake waliokuja kusaga waliegemea pale wakingoja zamu, watoto migongoni. Walielekeza viganja vyao kwa pipa kama kwa moto. Mwenye mtoto mchanga aliomba maji ya uvuguvugu, akapewa. Haukupita muda mrefu kabla ya watu kuacha kusema wanakwenda kusaga. Walisema, "Twende kwa pipa," na waliotoka mbali kabisa walipita mashine mbili njiani ili wafike kwetu. Mimi sikushangaa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba Bibi Harusi mwenyewe ndiye aliyegeuza mlango wake, kwa sababu hakutaka kutazama ndani penye moshi. Alitaka kutazama barabara aone wageni. Nilikuwa nimeshasoma fizikia nilipokumbuka ile karatasi iliyokunjwa, na hata hapo nilisikitika kidogo kuijua.

Siku hizi Mama anasaga kwa stima. Injini imenyamaza, na Baba ameifungua kipande kwa kipande ili aipake rangi, kazi ambayo Mama anasema haitaisha. Nilipomaliza kuokota viazi nilipiga simu.

"Nyumba imefika?" aliuliza Baba, kabla ya salamu.

"Imefika. Lakini haina mtu."

"Huyo nimebaki naye. Bado anaamka kwa maji ya moto, nilimjaribu jana kwa sufuria ya mama yako. Usimwambie. Na kitambaa?"

"Kiko hapa, Baba. Na zipu yake."

"Kiweke vizuri. Hiyo ilikuwa begi nzuri sana."

Nyuma yake, mbali, kutoka jikoni, nikasikia sauti ya Mama ikija.

"Begi ya kwenda wapi?"